Jalada hadi Jalada

Walimwita Bi Wazi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu akikaa miaka sita akipita ofisi hadi ofisi na neno moja mdomoni, jarida liwe wazi, maarifa yawe wazi, asishangae siku moja mfagizi akimsalimia hivyo naye akaitika. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye hati ya mshahara tu.

Alikuwa mkutubi wa chuo, mwenye dhamana ya jarida. Jarida lenyewe lilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, juzuu moja kila mwaka, na kwa miaka yote hiyo wasomaji wake ungeweza kuwakalisha kwenye meza moja na viti vikabaki: wale walioandika, na wale waliotaka kujua kama wametajwa. Nakala zilikaa kwenye kabati la vioo ghorofa ya pili, ufunguo kwa mkutubi, na ukitaka kusoma uje na barua. Bi Wazi alilichukia kabati lile kama mtu anavyomchukia mkwe mchoyo. "Watu wamekaa wakahojiwa, wamejibu maswali mpaka wamekauka makoo," alikuwa akisema, "halafu sisi tunafungia majibu yao kama bangili za bibi harusi."

Akapigana, akashinda. Miaka mitatu yeye na fundi wa skana, ambaye watu walimwita Miwani kwa kuwa alikuwa na jozi mbili na zote alizivaa kichwani akizitafuta mezani, walijifungia chumba cha chini kisicho na dirisha wakageuza kurasa moja moja. Ukutani juu ya skana aliandika kwa kalamu nene kanuni yake: JALADA HADI JALADA. Alikwisha kuona kazi za maktaba nyingine, viambatisho vimerukwa, masahihisho yamerukwa, ukurasa wa shukrani umekatwa ili kazi iishe haraka. Yeye hakuja kulipua kazi. Ukurasa ulio kati ya jalada la mbele na la nyuma utaingia, uwe na maana au usiwe nayo.

Tovuti ilipokuwa tayari akaitungia masharti, na kamati ya jarida ikayapitisha ikipiga miayo. Yeyote anaweza kusoma na kunakili, na ruhusa hiyo haitenguliwi milele. Tena, kisifutwe kitu kimyakimya. Hili la pili lilikuwa na kisa chake. Mkubwa mmoja wa chuo aliwahi kutaka makala iliyogusa habari za kiwanja chake iondoke usiku mmoja kama haikuwapo, na Bi Wazi akasimama kidete mpaka mkubwa akanywea. Baada ya hapo alimwomba fundi wa mitambo aweke utaratibu: makala ikibadilishwa hata kidogo, kila aliyeipakua na kuacha anwani yake apate taarifa, aambiwe ni ukurasa gani umeguswa. Alijivunia sana utaratibu huo. Kisha, kwa kuwa kwa mwaka na nusu hakuna kitu kilichobadilishwa, akausahau.

Jumanne moja saa nne asubuhi mama mmoja mtu mzima alisimama mlangoni kwake akipangusa viatu kwenye zulia kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Bi Wazi? Getini wameniambia nikuulizie hivyo. Kama ni tusi nisamehe, mwanangu."

"Si tusi, mama. Karibu, kaa."

Akakaa, akataja majina yake yote matatu kama watu wanavyoyataja hospitalini, kisha akakitazama kiti kingine kana kwamba kuna mtu. Bi Wazi akamletea maji. Akanywa nusu.

"Miaka ishirini na saba iliyopita," akaanza, "alikuja kwetu mwalimu mmoja wa chuo hiki. Mtaratibu, hana makuu. Alikuwa akituhoji sisi wanawake tuliolea watoto ambao hatukuwazaa, lakini mtaa mzima unajua tumewazaa. Nilikwenda kwa dada yangu mbali, nikakaa miezi, nikarudi na mtoto. Unaelewa?"

"Naelewa, mama."

"Alikuja mara nne. Akanisainisha karatasi. Akasema, mama, jina lako litakaa chuoni kabatini, na maneno yako atayasoma mtaalamu tu. Basi nikamwambia. Nilimwambia yule mwalimu maneno ambayo hata Mungu nimemwambia nusu."

"Mwalimu huyo alishafariki, mama. Mwaka wa tano huu."

"Nilisikia. Nililia, na nikashukuru pia, Mungu anisamehe." Akafungua mkoba, akaufunga. "Sasa binti yangu, mtoto huyohuyo, ni muuguzi, yuko zahanati ya mbali huko, hata duka la vitabu hakuna. Anajisomea shahada kwa njia ya simu. Jumapili kanipigia, furaha hana pa kuiweka. Mama, jarida la chuo siku hizi bure! Nalisoma juzuu kwa juzuu, kila mwisho wa wiki moja, nimemaliza ya tisa. Anakusifu, wewe hujui tu. Kasema aliyelifungua hilo jarida ataingia peponi na viatu."

Na kwa nusu dakika Bi Wazi alifurahi. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye lilimuumiza kuliko mengine. Huyo muuguzi ndiye aliyekuwa akimwaza miaka sita yote. Kila alipoulizwa kwenye vikao, "Hili jarida ulifungue kwa ajili ya nani?" alijibu: kwa mtu aliye mbali, mwenye simu na kiu ya kusoma, asiye na barua ya kumfungulia kabati. Kumbe yupo, na mama yake ameketi hapa.

"Ondoa wasiwasi, mama," akasema. "Utafiti wa namna hiyo majina hubadilishwa. Ngoja nikuonyeshe, ulale usingizi."

Akaivuta juzuu ya mwaka ule, ya kumi na moja, kwenye kompyuta. Makala ilikuwa ndefu, nzuri, ya mtu aliyeijua kazi yake. Wanawake ishirini na wawili, kila mmoja na nambari na jina la bandia. Akamsogezea kioo mgeni, mgeni akasema miwani yake ameiacha nyumbani, isome wewe, ya nambari saba, ndiyo nambari niliyopewa na mwalimu. Bi Wazi akasoma kwa sauti ya chini. Nambari saba alisema mumewe alikuwa mbioni kuoa mwingine. Alisema mtoto alitolewa kwa msichana aliyekufa siku ya tatu baada ya kujifungua. Kisha akafika kwenye sentensi moja, akaacha kusoma.

"Maliza," mama akasema. "Nayajua."

"'Miaka miwili ya kwanza sikumpenda. Nilimtunza kama mtu anavyotunza mzigo wa mgeni. Alipougua degedege niliomba aende.'"

Mama akayamaliza maji yaliyobaki.

"Akapona," mama akasema. "Na mimi nikapona siku ileile. Hayo ya kupona niliyasema pia, marefu sana, lakini naona mwalimu hakuyaweka."

Bi Wazi akateremka hadi marejeo ili aonyeshe kuwa mwisho ni mwisho, na hakuna jina. Marejeo yakaisha ukurasa wa 211. Kidole chake, kwa mazoea tu, kikagusa mara moja zaidi. Ukurasa wa 212 ulikuwa na herufi za taipureta, si za kiwanda cha uchapaji. Juu yake: UFUNGUO WA MAJINA. SI KWA KUCHAPWA. Mistari ishirini na miwili, kushoto nambari na jina la bandia, kulia majina matatu ya kweli na mtaa wa mtu. Kwenye mstari wa saba palikuwa na majina yale aliyotajiwa robo saa iliyopita.

Akakigeuza kioo upande wake.

"Jina langu lipo?"

"Halipo, mama."

"Una hakika, mwanangu?"

"Halipo."

Alidanganya hivyo, kirahisi, mtu aliyejipatia jina la Wazi. Mama akamshika mkono, akasema hata hivyo angefurahi kama maneno yale yangefutwa, kwa kuwa binti ana akili nyingi na anaijua sauti ya mama yake hata ikiandikwa. Bi Wazi akaahidi kulishughulikia. Akamsindikiza hadi getini, akampa namba yake ya simu, akarudi mbio akiwa amevua viatu.

Miwani alimkuta chumba cha chini amepiga magoti mbele ya mafaili.

"Unatafuta nini?"

"Daftari la ukaguzi. Juzuu ya kumi na moja."

Miwani hakuhitaji kutafuta. Yeye alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Akalifungua mahali penyewe, na hapo Bi Wazi akasoma mwandiko wa Miwani: *Juz. 11, uk. 212 haumo kwenye yaliyomo. Una majina ya watu. Niuingize?* Na chini yake, kwa wino wa kijani ambao chuo kizima hakuna anayeutumia ila yeye Bi Wazi: *Ingiza. Jalada hadi jalada.*

"Nilikuuliza," Miwani akasema taratibu.

"Uliniuliza."

Wakatoa nakala yenyewe kabatini, na kisa kikajieleza. Mwalimu, mtu wa ahadi, aliikabidhi maktaba nakala yake pamoja na karatasi ya ufunguo ili ikae ndani ya kabati, kama alivyowaahidi wale wanawake. Miaka ikapita, juzuu ikachakaa, ikapelekwa kwa fundi jalada. Fundi jalada kazi yake ni kushona kilichomo, akashona na karatasi. Ungeweza hata kuona uzi. Kwa miaka yote hiyo majina yale yalikuwa salama kwa sababu moja tu, kwamba kabati lilifungwa na ufunguo ulikuwa kwa mkutubi wa zamani aliyependa kukataa watu.

Jumatano asubuhi akaenda kwa Mhariri Mkuu, profesa mmoja mnene mwenye huruma na woga kwa kiasi kilekile. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaisugua kwa tai.

"Tufanye nini?"

"Tuondoe ukurasa. Leo."

"Kanuni inasemaje? Wewe ndiye uliyeiandika."

"Kisifutwe kitu kimyakimya."

"Maana yake tutoe tangazo, tueleze sababu. Tuseme ukurasa wenye majina halisi ya wanawake ishirini na wawili umeondolewa. Siku hiyohiyo nusu ya nchi itautafuta." Akavaa miwani. "Na tukiuondoa bila tangazo, yule mkubwa wa kiwanja atakuwa mlangoni kwangu kesho. Atasema, kumbe mnafuta? Nifutieni na mimi."

"Profesa, hawa si wakubwa. Hawa ni watu walioahidiwa."

"Najua. Na hao ishirini na mmoja wengine? Utawatafuta? Utabisha hodi kwa mtu, watoto wake wamekaa sebuleni, useme umetoka wapi na una habari gani?"

Profesa akasema kamati itakaa mwezi ujao. Bi Wazi alitoka pale amechemka, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Kila alipotaka kumtukana mtu, anayetukanika alikuwa yeye.

Alihesabu. Binti amemaliza juzuu ya tisa. Jumapili hii atasoma ya kumi, ile nyingine ya kumi na moja. Kuna nafasi ya siku kumi na moja, labda. Mtu akiwa kwenye maji ya shingo huhesabu hivyo, na hesabu humtuliza.

Alhamisi saa nane mchana, Miwani akiwa amekwenda kula, akaingia kwenye mtambo kwa neno lake la siri, akaukata ukurasa wa 212, akahifadhi. Alikuwa amevunja sharti lake mwenyewe, bila kamati, bila tangazo, kama yule mkubwa alivyotaka kufanya, na alijiona kama mtu aliyezima jiko kabla nyumba haijashika. Akatazama tovuti: marejeo yanaisha 211, basi. Akavuta pumzi.

Kisha akakumbuka hifadhi za nje. Zilikuwa nne alizozijua, maktaba kubwa za ng'ambo zilizokuwa zikinakili jarida zima kila wiki, na yeye ndiye aliyeziandikia kuzikaribisha. Akaziandikia tena. Mbili zilikaa kimya. Moja ikamjibu papo hapo, kwa mashine, ikimshukuru kwa mchango wake katika maarifa huria. Kutoka ya nne alijibu mtu, kijana kwa lugha yake, mwenye adabu nyingi. Alisema anasikitika sana, lakini ruhusa iliyotolewa ni ya milele na isiyotenguliwa, akainukuu neno kwa neno, na Bi Wazi akatambua sentensi yake mwenyewe. Alikuwa ameihangaikia wiki nzima, ile sentensi, ili asije akatokea mtu wa kuitengua.

Mchana ule hakula. Alisema moyoni kwamba binti hasomi hifadhi za ng'ambo, anasoma tovuti ya chuo, na tovuti ya chuo ni safi. Akaling'ang'ania hilo hadi jioni, akaenda nalo nyumbani.

Ijumaa saa tatu akafungua barua pepe za jarida. Kati ya mbili tatu za waandishi wanaouliza makala yao imefika wapi, palikuwa na moja kutoka kwa muuguzi wa zahanati ya mbali. Ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu, kama wanafunzi wanavyowaandikia walimu.

*Kwa Mkutubi. Natanguliza shukrani kwa kazi yenu, ambayo imenisaidia kuliko ninavyoweza kueleza. Jana nimepokea taarifa kutoka kwenye mtambo wenu kwamba juzuu ya kumi na moja, niliyoipakua Jumapili, imebadilishwa na ukurasa wa 212 umeondolewa. Nilikuwa sijafika huko, na kwa kawaida yaliyo baada ya marejeo siyasomi. Taarifa yenu ndiyo iliyonifanya nifungue nakala yangu nione kilichoondolewa ni nini.*

Bi Wazi alisimama. Akakaa tena.

*Baada ya hapo nimeisoma makala yote. Maelezo ya nambari saba nimeyasoma mara nyingi. Mwandishi anasema alimhoji mara nne, lakini amenukuu maneno machache sana. Naomba kujua kama chuo kina mahojiano ya nambari saba yote kamili, na kama nayo ni wazi kwa kila mtu. Ningependa kujua alisema nini baada ya pale alipoishia. Kama hakusema kitu, naomba mniambie hivyo pia.*

Chini aliweka jina lake, cheo, na zahanati. Jina la pili na la tatu yalikuwa ya baba.

Mahojiano hayakuwapo. Bi Wazi alijua bila kutafuta, lakini alishuka chini akatafuta, yeye na Miwani, boksi baada ya boksi, hadi vumbi likawageuza rangi. Kanda za sauti za mwalimu zilitupwa chumba chake kilipopakwa rangi, mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka vizuri. Yale marefu ya kupona hayakuandikwa popote. Katika dunia nzima, kilichobaki wazi kwa kila mtu kilikuwa ile sentensi ya degedege tu.

Simu ilimkuta ngazini, mikono imejaa vumbi. Aliitambua sauti kwenye neno la kwanza.

"Mwanangu, ni mimi, wa Jumanne. Vipi, ulifuta?"

"Nilifuta, mama. Jana."

"Mungu akuzidishie! Nilijua tu, uso wako ni wa mtu mwema. Basi sikiliza, binti yangu kanipigia sasa hivi. Kaomba ruhusa kazini, yuko njiani, jioni hii yuko kwangu. Miezi minne sijamtia machoni! Hapa nimeshatandika kitanda, nafagia kwa mara ya pili." Alicheka, pumzi zikimpaa. "Sauti yake tu ndiyo iko chini kidogo. Nikamuuliza unaumwa? Kasema hapana mama, nina kitu cha jarida nataka tukisome pamoja, mimi na wewe. Nikamwambia njoo nacho, wala usiogope, safari hii miwani nitaiweka karibu."

Bi Wazi akaegemea ukuta wa ngazi. Miwani alikuwa chini akimtazama, boksi tupu mikononi.

"Mama," akasema, "uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Kwani nini?"

Akamwomba aache ufagio, akae chini kwanza. Akasikia kiti kikivutwa.